Dirisha la tatu ukiwa na daraja la tatu: mwongozo kamili wa kuomba chuo kwa walioko Mbeya, Iringa na jirani

Kila Septemba wanakuja vijana wenye kosa lilelile. Wameomba dirisha la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kupokea maombi, wakakosa, la pili wakakosa, sasa wamekaa kwenye benchi letu na bahasha ya kaki mapajani. Swali ni moja: "Kaka, la tatu litafunguliwa?" Ukiwauliza wamepata nini wanakutajia daraja: "Three ya 14," yaani daraja la tatu la pointi 14. Ukiwauliza waliomba kozi gani, na kwa masomo yapi, wanatazamana.

Kazi yangu ni kujaza maombi ya chuo kwenye steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wengi ninaowapokea hawakuangushwa na alama. Wapo waliohesabu pointi ambazo hazihesabiwi, wapo walioomba kozi zilizokwisha kujaa, na wapo ambao akaunti yao ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke yoyote hata kama unaona unaijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kompyuta

- Namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, pamoja na mwaka. Kama ulirudia mtihani, andika zote.
- Matokeo yako somo kwa somo, herufi kwa herufi, kama yalivyo kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani). Daraja peke yake halitusaidii.
- Cheti cha kuzaliwa. Linganisha majina yake na ya vyeti vya shule sasa hivi. Yakipishana, anza kushughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema, maana hiyo haiishi kwa siku moja.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na iliyo mfukoni mwako.
- Barua pepe yako mwenyewe, na nywila iliyoandikwa kwenye daftari.
- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huu. Viko viwili: cha waliomaliza kidato cha sita na cha wenye stashahada na sifa linganishi. Kinapakuliwa bure, kwa hiyo anayekuuzia anakuuzia karatasi na wino tu.
- Kwa mwenye stashahada, namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ile inayoitwa AVN. Iombe mapema.
- Pesa. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000 kwa kila chuo. Ukipanga vyuo vitatu ni 30,000, ongeza bando na nauli.

Kwenye suala la laini nitasimama kidogo. Kuna binti alitoka Ubaruku, akajaziwa maombi kwa namba ya baba yake mdogo anayefanya biashara Tunduma, kwa kuwa simu yake ilikuwa imeharibika. Akachaguliwa na vyuo viwili. Ujumbe wenye msimbo wa kuthibitisha ukaenda Tunduma, na baba mdogo alipoona herufi na tarakimu asizozielewa akajua ni matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akafuta. Binti alipopata habari muda wa kuthibitisha ulikuwa umepita, akaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuchaguliwa popote. Kama huna simu, azima simu lakini laini iwe yako.

Hatua ya 1: Hesabu pointi kwa hesabu ya TCU

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma taratibu.

Pointi za NECTA na za TCU zinakwenda pande mbili tofauti. Kwa NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa kwa masomo matatu, na zikiwa chache ndiyo vizuri. Daraja la tatu ni kuanzia 13 hadi 17.

Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye E au zaidi, na masomo hayo mawili yakupe jumla isiyopungua 4.0. S siyo prinsipo. Somo la tatu halijumlishwi ili kuziba pengo. General Studies na Basic Applied Mathematics (BAM) hazimo kwenye hesabu hii.

Sasa waangalie vijana watatu wa benchi langu.

Wa kwanza ana D, E, E. Kwa NECTA ni 4+5+5, three ya 14. Kwa TCU, mawili bora ni D na E, yaani 2+1. Ana 3. Hafiki.

Wa pili ana C, E, S. Naye ni three ya 14. Kwa TCU ni 3+1, ana 4.0. Anafika, ikiwa kozi inayataka masomo yale mawili.

Wa tatu ana D, D, F. Ni three ya 15, na nyumbani ameshaambiwa kuwa mwenzake wa 14 amemzidi. Kwa TCU ni 2+2, ana 4.0. Anaingia chuo, na yule wa kwanza anabaki.

Ndiyo maana ukinitajia daraja nakuuliza herufi.

Angalizo kwa waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015: alama za miaka hiyo zina hesabu yake, ambapo B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1, na zinatakiwa prinsipo mbili zisizopungua C. Usitumie mifano yangu ya juu.

*Umefanikiwa ikiwa:* una karatasi yenye masomo mawili, herufi zake, na jumla ya 4.0 au zaidi. Ukipata chini ya hapo usilipie ombi lolote la shahada. Nenda kwenye sehemu ya "Ukipungukiwa na pointi" huko chini, kabla ya Hatua ya 6.

Hatua ya 2: Tafuta kozi inayoyataka masomo yako mawili

Kufikisha 4.0 kunakufikisha mlangoni tu. Kila kozi kwenye kitabu cha TCU imeandikiwa masomo inayoyatambua, na pointi zako zinahesabiwa kwa masomo hayo tu.

Chukua mtu wa PCM mwenye Hisabati C, Fizikia E, Kemia S. Kozi nyingi za uhandisi zinataka prinsipo ya Fizikia na ya Hisabati, kwa hiyo huyu yumo. Geuza herufi zilezile: Kemia C, Hisabati E, Fizikia S. Pointi ni 4.0 vilevile, kombi ni ileile, daraja ni lilelile, lakini hana prinsipo ya Fizikia. Akiomba uhandisi atakataliwa kila dirisha mpaka achoke. Anachotakiwa ni kutafuta kozi zinazotaja Kemia na Hisabati.

Ukifungua ukurasa wa kozi soma mambo manne: masomo yanayotambulika, jumla ya pointi, kama kuna herufi ya chini kwa somo fulani, na sharti la kidato cha nne. Hilo la nne ndilo linalofichama. Kozi kadhaa za biashara na uchumi zinamtaka asiye na Hisabati ya kidato cha sita awe na ufaulu fulani wa Hisabati ya kidato cha nne au ya BAM. Mtu ana 4.0 safi, lakini Hisabati ya form four ilikuwa F, anashangaa kwa nini mfumo umeificha kozi.

Wanaoota udaktari kwa alama hizi niwaambie mapema: kozi hiyo inataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na jumla isiyopungua 6. Usichome elfu kumi yako pale.

Andika kozi zote zinazokukubali, hata zile usizozipenda. Kozi nane au kumi kwenye daftari. Baadaye ndipo utachuja.

*Umefanikiwa ikiwa:* kila kozi uliyoandika unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole mstari wa kitabu unaokukubali.

Hatua ya 3: Linganisha orodha yako na nafasi zilizobaki

Dirisha la tatu hufunguliwa kwa tangazo la TCU, na hapo vyuo hutangaza kozi zenye nafasi. Huu si wakati wa kuomba kozi ya ndoto. Unachagua katika kilichobaki sokoni, kama anayefika Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni: nyanya zipo, ila hukuti fungu la asubuhi.

Kwa huku kwetu, hivi ndivyo vyuo vya kuanza navyo. Mbeya kuna MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, chenye uhandisi na sayansi kwa wingi, Kampasi ya Mbeya ya Mzumbe, Teofilo Kisanji (TEKU), Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, na kampasi ya TIA (Taasisi ya Uhasibu). Iringa kuna Mkwawa (MUCE) kwa ualimu, Chuo Kikuu cha Iringa, na Ruaha Katoliki (RUCU). Mkwawa ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maombi yake hupitia mfumo wa UDSM. Kuna vijana wanazunguka wiki nzima wakitafuta "mfumo wa Mkwawa".

Chuo cha jirani kina faida moja ambayo watu wanaidharau: kunapotokea tatizo unaweza kufika ofisi ya udahili kwa miguu yako. Dirisha hili lina siku chache, na mtu aliyesimama mbele ya meza ya ofisa husikilizwa kuliko barua pepe. Kutoka Tukuyu unafika Mbeya asubuhi na kurudi jioni. Kutoka Mafinga kwenda Iringa mjini ni vivyo hivyo.

Chagua vyuo viwili au vitatu. Ndani ya kila chuo panga kozi kwa kuangalia nafasi kwanza, mapenzi baadaye. Kuwa na sifa ya chini hakukupi uhakika wa kuchaguliwa, kwa kuwa waombaji hushindanishwa, na mwenye 4.0 ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kozi yenye nafasi tano na kozi yenye nafasi themanini si kitu kimoja kwako.

*Umefanikiwa ikiwa:* una majina ya vyuo visivyozidi vitatu, na kila kozi iko kwenye tangazo la nafasi la dirisha hili. La dirisha lililopita halihesabiki.

Hatua ya 4: Jaza, na ukae jirani na anayejaza

1. Fungua tovuti ya chuo chenyewe. Hakikisha jina la tovuti linaishia na ac.tz. Tovuti za kuigiza zipo.

2. Fungua akaunti kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, barua pepe yako na simu yako. Kama una namba mbili za kidato cha nne, chagua moja ya kuanzia na uitumie hiyohiyo kila mahali, Bodi ya Mikopo ikiwemo. Ukitumia tofauti, mikopo wanaona mtu mmoja na chuo kinaona mwingine.

3. Mfumo ukivuta matokeo kutoka NECTA, soma jina linalotokea. Hili nakuandikia kwa aibu. Mwaka mmoja nilikosea tarakimu moja ya namba ya kituo, likatokea jina la mtu mwingine wa shule nyingine, nami kwa haraka nikabonyeza endelea. Kijana alikuwa nje ananunua maandazi. Tulikuja kugundua siku mbili baadaye, elfu kumi ikawa imekwenda na maji. Tangu siku hiyo simjazii mtu ambaye hajakaa pembeni yangu, hata kama ni mtoto wa shangazi.

4. Chukua namba ya malipo, ile watu wanaiita kontroo namba, ulipe kwa simu au benki. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji: liwe la chuo. Usimpe mtu taslimu "akulipie" kisha ukaondoka. Ombi lisilolipiwa kwa mfumo ni kama halikuwahi kuombwa.

5. Panga kozi kulingana na daftari lako la hatua ya 3. Kozi ikikataa kuonekana, mfumo umeona hukidhi sharti fulani. Rudi kwenye kitabu utafute ni lipi, usianze kubahatisha nyingine.

6. Bonyeza kitufe cha kutuma. Wengi huishia kwenye kuhifadhi. Wanaona "imehifadhiwa", wanafunga, wanakwenda nyumbani kungoja majina.

7. Piga picha skrini au chapisha ukurasa wa mwisho, na ubadilishe nywila kama ulijaziwa na mtu. Anayejaza hana sababu ya kubaki na nywila yako. Wapo wanaoishika ili urudi kuwalipa siku ya majina.

Usingoje siku ya mwisho. Siku hiyo mifumo huelemewa, na umeme nao ni wa huku kwetu, mnaujua.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukiingia kwenye akaunti kwa simu yako mwenyewe, kule nyumbani, unaona ombi limelipiwa na limetumwa.

Hatua ya 5: Majina yakitoka

Ingia kwenye akaunti ya kila chuo ulichoomba. Usitegemee orodha za kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ukichaguliwa na chuo kimoja tu, kazi ya msimbo haikuhusu. Fuata maelekezo ya chuo hicho.

Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Msimbo hutumwa kwenye simu uliyojazia. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka na kuuingiza pale. Msimbo usipofika, ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuomba utumwe tena. Msimbo ukigoma kabisa, hapo ndipo utaelewa kwa nini nilisema uchague chuo cha kufika kwa miguu.

Fikiri kabla hujathibitisha. Kuna kijana alithibitisha chuo cha mbali kwa kuwa rafiki yake yuko kule, kisha akataka kurudi Iringa. Kufuta uthibitisho kunawezekana wakati dirisha la kufanya hivyo liko wazi, lakini unaachia kiti ulichokuwa nacho na kwenda kugombania kingine upya. Kwa mwenye pointi nne, mimi simshauri.

*Umefanikiwa ikiwa:* hali ya udahili kwenye akaunti imebadilika na barua ya kujiunga inapakulika.

Mkopo

Kwa kifupi, maana hili lina mwongozo wake: maombi ya mkopo wa Bodi (HESLB) ni jambo jingine na dirisha lake ni jingine, na kwa kawaida hufungwa kabla ya dirisha la tatu la vyuo. Huhitaji kuwa umechaguliwa ndipo uombe. Kwa hiyo mwenye alama za mashaka ndiye anayetakiwa kuomba mkopo mapema kuliko wote, akiwa bado anahangaika na udahili. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na cha kifo cha mzazi kama yupo aliyefariki. Kama hukuomba, kaa na wazazi mpige hesabu ya ada ya muhula wa kwanza kabla hujathibitisha. Mpunga wa Mbarali na viazi vya Makete vimesomesha wengi, ila haviuzwi kwa bei nzuri siku mtu anayotaka pesa.

Ukipungukiwa na pointi

Yule wa D, E, E hajafungiwa. Ana njia tatu, na hizi nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda mimi.

Ya kwanza ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Inapokea mwenye pointi kuanzia 1.5 kwa masomo mawili ya kidato cha sita. Ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwa masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya kundi lako, unaomba shahada kama wengine. Huria wana vituo Mbeya na Iringa, kwa hiyo huhami nyumbani.

Ya pili ni stashahada, kisha kuomba shahada ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne, D au zaidi, ya kidato cha nne. Ni ndefu, lakini unatoka na cheti cha kazi hata shahada ikichelewa.

Ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hii naiweka mwisho kwa sababu wengi hujisajili halafu hawasomi. Wanabaki dukani kwa mjomba mpaka Mei. Ukiichagua, rudia lile somo linalokuangusha. Mwenye D, E, E anahitaji E moja tu igeuke D, na iwe ya somo linalotambulika na kozi anayoitaka.

Hatua ya 6: Siku ya kuripoti

Beba vyeti halisi pamoja na nakala, cheti cha kuzaliwa, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na hospitali, risiti za malipo na barua ya kujiunga iliyochapishwa. Aliyemaliza mwaka huu cheti chake cha kidato cha sita huwa hakijatoka, kwa hiyo atabeba nakala ya matokeo.

Waliochaguliwa dirisha la tatu hufika wenzao wakiwa wameshaanza au wanakaribia kuanza masomo, na vyumba vya hosteli mara nyingi vimekwisha. Tuma mtu akutafutie chumba kabla hujapanda basi. Na kama unatoka Kyela kwenda Iringa, beba sweta. Wenyeji wa joto huwa hawaniamini mpaka wafike.

Ukishapewa namba ya usajili na jina lako likaonekana kwenye orodha ya darasa, ofisi ya udahili haikudai tena kitu. Nenda kamtafute mwenye daftari la wiki mbili zilizopita.